Shemeji Anapunguza Kilo

Nina kiwanja Carama. Silisemi hili kwa kujisifu. Nalisema ili mjue chanzo cha taabu zangu. Ukiwa na kiwanja chenye geti pana huku kaskazini mwa Bujumbura, na mkeo akawa na kaka anayeishi Buyenzi, ambako nyumba zimebanana hata ukipiga chafya unaambiwa "afya" na nyumba ya tatu, basi huna kiwanja. Unachunga maegesho ya ukoo wa mkeo, tena bila mshahara.

Ndivyo lile gari lilivyoingia kwangu. Lilikuja jioni likivutwa kwa kamba, vijana wakalisukuma hadi chini ya mwembe, juu ya lengalenga za mama watoto. Shemeji akashuka, akafuta jasho, akasema, "Shemeji, ni la wiki mbili tu." Mama watoto akanitupia lile jicho linalomaanisha kwamba mjomba wa watoto hafukuzwi. Tangu hapo mwembe umeshazaa, tumekula, na sasa unachanua upya.

Gari lenyewe ni Toyota Sprinter Trueno, lile ambalo wajuzi hulitaja kwa namba ya fremu yake, AE86. Lilitengenezwa Japani kati ya 1983 na 1987. Injini yake ni 4A-GE ya sentimita za ujazo 1,587, valvu 16, nguvu za farasi 130 kwa hesabu ya kiwandani ilipokuwa mpya. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, jambo ambalo Corolla zilizolifuata ziliachana nalo. Uzito wake ni kilo 940 hivi. Haya yote nimeyajua bila kupenda. Nimefundishwa mezani, ndagala zikipoa.

Mbele lina taa zinazojificha ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha. Kwa hili letu, ya kulia inainuka, ya kushoto inafikiria. Usiku wa kwanza shemeji alipozijaribu, gari lilimkonyeza mke wa jirani aliyekuwa akipita barabarani na ndoo yake, na mumewe alikuwa hatua mbili nyuma. Aliyekwenda kueleza ni mimi, maana kiwanja ni changu.

Mtu wa kawaida akipata gari la namna hii analipiga rangi, anaosha vioo, Jumapili anapeleka familia ufukweni Saga Plage kula samaki wa mukeke. Shemeji hataki hayo. Anataka kuligeuza liwe la mashindano, na si mashindano ya vumbi tuliyoyazoea Afrika Mashariki. Anataka ya kuzunguka uwanjani, kwenye lami safi, yenye bendera na saa inayopima sekunde hadi vipande vyake. Nikamuuliza swali ambalo mtoto wa darasa la pili angeuliza: huo uwanja uko wapi?

Akaanza kunifundisha jiografia. Uko Kyalami, Afrika Kusini, ambako Formula One ilikimbia kwa mara ya mwisho katika bara hili mwaka 1993. Kufika huko uvuke Tanzania, Zambia na Zimbabwe, na kwenye kila mpaka kuna afisa wa forodha atakayetaka kujua gari hili limepeleka wapi viti vyake. Nikamwambia anitajie pa karibu. Akasema Kigali. Ni kweli, Desemba 2024 Rais Kagame alisimama mbele ya mkutano mkuu wa FIA, uliofanyika hukohuko Kigali, akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula One. Hongera kwao. Ila kuomba si kupewa, na mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024. Sidhani kama wakubwa wa pande zote mbili wataketi kuzungumza kwa ajili ya shemeji yangu, muuza vitenge wa soko la Ruvumera.

Shemeji alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo maana lazima tuanze maandalizi mapema."

Ukizidi kubishana naye anakuletea Joginder Singh. Huyu ni Mkenya, Kalasinga, fundi wa magari kwa kazi, ambaye mwaka 1965 alishinda Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Akaja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Baada yake analetwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda 1973 na Datsun 240Z: yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawasawa za adhabu, ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Hadithi tamu. Lakini hizo zote ni mbio za vumbi na matope, zile ambazo shemeji anasema hazitaki. Isitoshe, Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Shemeji anajua kupima vitenge vya wax kwa dhiraa.

Ugonjwa wenyewe aliupata kwenye simu. Kuna katuni ya Kijapani, Initial D, ya kijana anayeendesha gari kama hili usiku mlimani, akipeleka tofu, na kwenye gari kuna kikombe cha maji ambacho hakitakiwi kumwagika. Mimi nilikuwa na swali moja tu: huyo kijana petroli alikuwa anawekewa na nani? Shemeji akajibu bila kusita, "Na baba mwenye nyumba." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ufundi umefanyikia kwangu, lakini fundi ametoka Buyenzi, na hapo sina neno. Kama gari lako limekufa Bujumbura, Buyenzi ndiko linakofufuliwa. Kuna watu pale wanaosikiliza injini ikipita barabarani na kukutajia plagi ipi imechoka. Fundi alifungua boneti, akachungulia, akacheka. "Hii ni Ti," akasema. Anamaanisha Carina Ti, zile zilizojaa mjini kwetu. Shemeji alinuna kana kwamba ametukanwa mama yake. Fundi akaeleza kwamba injini za Ti na hii ni za ukoo mmoja, herufi A ni ile ile, isipokuwa kichwa cha hii kilibuniwa kwa msaada wa Yamaha. Kosa kubwa. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba shemeji wa yule bwana amenunua gari lenye injini ya pikipiki.

Sasa tuje kwenye kilo.

Mwingereza Colin Chapman, aliyeanzisha Lotus, alijenga jina lake juu ya imani kwamba gari jepesi hulishinda lenye nguvu. Farasi wengi wanakusaidia kwenye mstari ulionyooka. Wepesi unakusaidia kwenye mstari, kwenye kona na kwenye breki. Hoja hiyo inaingia akilini. Kinachonishinda ni utekelezaji wake. Kiti cha nyuma kimetolewa. Zulia limetolewa. Redio, kiyoyozi, tairi la akiba, vifuniko vya milango, vyote nje. Hata ile lami ngumu iliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele imebanduliwa kwa patasi na wanangu mwenyewe, waliolipwa pipi. Na kila kilo iliyotoka kwenye gari imeingia nyumbani kwangu. Kiti cha nyuma kiko barazani, na wageni wanakigombania. Kiyoyozi kiko jikoni, mama watoto anawekea masufuria. Tairi la akiba amelichukua mbuzi wa jirani, analala humo, na akifukuzwa anarudi.

Kila kitu kilipimwa. Shemeji aliazima mizani ya mfanyabiashara wa maharage, akafungua daftari, akaandika: kiti, kilo kadhaa, zulia, kilo kadhaa, kitasa cha dirisha, gramu. Ndiyo, gramu. Usiku mmoja nilimkuta anatoboa matundu kwenye kipande cha bati kinachoshikilia betri ili kipungue. Nikapendekeza tumpime dereva naye, kwa sababu jioni ile nilikuwa nimehesabu mishikaki. Akasema dereva haondolewi kwenye gari, ni sehemu ya chasisi.

Kisha akalishusha. Gari la mbio hukaa chini ili uzito usilale kwenye kona, kwa hiyo zikawekwa springi fupi na ngumu. Magurudumu ya mbele yakalazwa kidogo kuelekea ndani, ili gari likiinama kwenye kona tairi lote likanyage barabara. Jirani mmoja alikuja kutupa pole, akidhani ekseli imevunjika. Wapi kona, wapi barabara! Carama ukitoka getini kwangu wakati wa kiangazi ni vumbi mpaka kifundoni, na mvua zikianza Oktoba unachagua shimo unalolifahamu. Gari sasa haliwezi kuvuka mtaro wa getini bila mbao mbili. Wanangu wamepewa cheo cha kubeba mbao.

Shemeji, nikiri, ana bidii. Jumamosi asubuhi tunapotoka kufanya kazi za pamoja, zamani alikuwa anaumwa tumbo. Siku hizi anatoka wa kwanza na reki begani. Wote tulifurahi, mpaka mzee mmoja alipogundua kwamba anasawazisha kona moja tu, ile ya kwa muuza mkaa, na upande wa nje ameuinua. Akaulizwa kwa nini. Akaeleza kuhusu mstari wa kupitia kona: uingie kwa nje, uguse ndani, utoke kwa nje. Muuza mkaa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza hiyo "ndani" inayoguswa ni ipi, maana ndani ya kona ile kuna kibanda chake.

Kuhusu difu sitaki kusema mengi, lakini itabidi, kwa kuwa iliniumiza baadaye. Difu ya kawaida ina udhaifu: gurudumu moja likinyanyuka au likiteleza kwenye kona, nguvu yote inakimbilia huko na gari linabaki linapiga kelele bila kwenda. Gari la mbio hufungwa difu inayobana, inayolazimisha magurudumu yote mawili kufanya kazi. Kifaa hicho huuzwa kwa dola, na dola hapa Bujumbura ina bei ya benki, ambayo huipati, na bei ya mtaani, ambayo huiwezi. Fundi akapiga bei, akatazama juu, akachukua mashine ya kuchomelea na kuigandisha difu yote iwe kipande kimoja. "Nta kibazo, mzee," akaniambia, yaani hakuna tatizo. Kibazo kipo. Ukishafanya hivyo magurudumu ya nyuma yanazunguka sawasawa daima, hata kwenye kona, ambako la nje linatakiwa kwenda mbali kuliko la ndani. Gari halipendi tena kukata kona. Nikawauliza, hivi gari la kuzunguka uwanjani lisilopenda kona si sawa na mwimbaji asiyependa sauti? Nikaambiwa mimi si mtu wa michezo.

Kizimba ndicho kilichoniletea serikali nyumbani. Gari la mbio lazima liwe na kizimba cha mabomba ndani, ili likipinduka paa lisimkalie dereva kichwani. FIA wameandika kila kitu: upinde mkuu uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Shemeji alikuwa na karatasi yake. Akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea kule Kamenge, ambaye maisha yake yote ametengeneza mageti na vyuma vya madirisha. Yule bwana akaisoma karatasi kwa heshima, akaikunja, akaitia mfukoni, akauliza, "Maua mnataka?"

Shemeji hakuelewa. Fundi akamwonyesha geti lililokuwa karibu, lenye vyuma vilivyosokotwa kwa mapambo na mikuki juu. Akasema kizimba bila ua kitaonekana cha maskini, na yeye ana jina la kulinda. Wakabishana. Fundi hakuwa na mabomba ya vipimo vile. Alikuwa na ya maji na ya mraba. Ilichukua muda mrefu kupata ya kufanana, nayo yalipopatikana umeme ukawa haupo. Mchana haupo. Jioni haupo. Ukawa unarudi saa nane za usiku, na fundi wetu, mtu mwaminifu wa ahadi, alikuwa anaamka na kuja saa nane za usiku. Carama nzima ililala na miale ya buluu dirishani. Watoto wachanga walilia, majogoo waliwika kwa zamu zisizojulikana, na nyumbakumi akaja kubisha geti akiwa na tochi, amevaa koti juu ya pajama, kuuliza kama tunatengeneza silaha. Nikamwonyesha. Akazunguka gari, akaingiza kichwa dirishani, akatikisa bomba moja. Akasema, "Kazi nzuri," na kabla hajaondoka akaagiza geti.

Ua lipo. Moja, dogo, nyuma ya kiti cha dereva. Shemeji hakuliona mpaka rangi ilipokauka.

Baada ya hapo ikabaki kuwasha. Injini imefungwa upya, chujio jipya, plagi mpya, ekzosi haina kizuia sauti maana nacho kina kilo zake. Nikawaeleza kwamba hapa kwetu, tulipo zaidi ya mita 770 juu ya bahari, hewa imeshapungua kidogo, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 8 ya nguvu zake kabla hata haijaondoka. Fundi alikubaliana nami. Shemeji akasema farasi kumi si kitu. Mtu aliyepima kitasa kwa gramu!

Lakini farasi wanakula petroli, na hapa ndipo kicheko cha shemeji kilipoishia. Kwa miaka hii kadhaa petroli Bujumbura imekuwa kitu cha kusimuliwa. Mtu anakwambia ameiona. Magari yanalala foleni vituoni, wenye magari wanalala ndani yake, wake zao wanawaletea chakula huko. Kuna ile ya magendo, inayotembea kwenye bidoni na chupa za maji, na bei yake sitaiandika kwa sababu ukimaliza kusoma itakuwa imepanda. Hata ukiipata hujui imechanganywa na nini. 4A-GE inakandamiza hewa na mafuta mara 9.4, ukiipa petroli dhaifu inagonga, mlio wa kokoto ndani ya kopo, na pistoni zinaumia. Fundi alilijua hilo, akasema kwa siku ya kwanza watumie mafuta safi. Safi yalikuwa wapi? Kwenye bidoni ya jenereta yangu, nyuma ya magunia, mahali ambapo nilidhani panajulikana na mimi peke yangu.

Iliwaka kwa mara ya kwanza. Nitakuwa mkweli: sauti ni nzuri. Ilipanda hadi juu kabisa, safi, ikatingisha mabati, na kwa muda nilisahau kwamba kinachoungua ni taa zangu za wiki ile. Kisha ikazima. Haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa.

Siku iliyofuata mtaani pakapita ukelele: lori la mafuta limeonekana! Nikarukia Probox yangu. Shemeji akatoa mbao. Tukaingia foleni, mimi mbele, yeye nyuma yangu magari kadhaa. Kwenye foleni zetu hakuna anayewasha injini. Ukiwasha unakunywa kile ulichokuja kukitafuta. Tunasukuma. Foleni ikisogea gari moja, madereva wote wanashuka, wanainama, wanasukuma, wanapanda tena. Probox ni gari la maana lakini ni zito, na mgongo wangu si wa 2002. Nyuma yangu nikasikia kicheko. Trueno ilikuwa inakuja ikisukumwa na wanangu wawili, kwa viganja tu, huku shemeji amekaa ndani ameshika usukani kwa mikono miwili, miwani ya jua usoni. Haina kiti cha nyuma, haina zulia, haina redio, haina kiyoyozi. Inateleza. Mbele yangu mzee mmoja alishindwa kusukuma Land Cruiser yake, pakatokea pengo, watu wakapiga kelele "ziba! ziba!", na kabla sijainama Trueno ikapita upande wa kushoto, ikaziba. Foleni ikashangilia. Ndugu zangu, nimeshuhudia gari la mbio likinipita, nami nikiwa nimeinama.

Ni kwenye kona ya kuingia kituoni tu ndiko nilikopata faraja. Difu iliyogandishwa ilikataa kukata. Wanangu walisukuma, tairi zikalia juu ya saruji, gari likanyooka kuelekea kwenye mashine ya upepo. Ikabidi watu sita walinyanyue mkia na kuligeuza, jambo ambalo kwa gari zima lisingewezekana, kwa hiyo hata hapo hoja yake ilishinda. Kijana wa pampu alilitazama, akatazama kizimba, akaona ua, akasema, "Kumbe la harusi," akamjazia.

Mafuta yaliisha nikiwa nimebakiza magari mawili.

Nilidhani, kwa undugu, ningegawiwa. Shemeji anasema yale si mafuta ya matembezi, ni ya majaribio. Anataka kupeleka gari Bugarama, alfajiri ya Jumapili, kujaribu breki kwenye mteremko. Kutoka ziwani hadi Bugarama barabara inapanda zaidi ya mita elfu moja, kona juu ya kona, na unarudi kwa kona zilezile. Breki zikipata moto mfululizo mafuta yake huchemka. DOT 4 mpya inavumilia angalau nyuzi 230, iliyozeeka na kunyonya unyevu haifiki hapo, na ikishachemka unakanyaga pedeli inaingia mpaka sakafuni bila kukamata kitu. Nikamwambia kule hakuna anayehitaji kujaribiwa, mabingwa wanajulikana. Ni wale vijana wa baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi, wameziimarisha fremu kwa vyuma, wamelala juu ya usukani, wanapita malori, na kupanda wanarudi wakiwa wameng'ang'ania mkia wa lori. Hawana daftari la gramu. Tena wanapunguza uzito kwa kuuza ndizi.

Shemeji amenipa masharti. Atanipa lita kadhaa, nikikubali kukaa kiti cha kushoto. Sababu anayoitoa ni ya maana, na hilo ndilo linaloniudhi. Sisi Burundi tunaendesha kulia, na magari yetu mengi usukani wake uko kulia pia, kwa kuwa yametoka Japani. Dereva anakaa pembeni ya barabara, hamuoni anayekuja mbele. Anayeona ni abiria wa kushoto. Kwa hiyo kila mke wa mtu Bujumbura ni msoma njia aliyehitimu: "Ngoja. Ngoja. Lori. Pita sasa! Rudi!" Mimi nimekaa upande huo katika teksi nyingi, na shemeji anasema sauti yangu ya kulalamika inasikika hata bila kizuia sauti kwenye ekzosi.

Nilikataa. Nikasema sina helmeti. Akasema ameshaipata. Ni ya jamaa aliyekuwa akibeba abiria kwa pikipiki mjini, kabla pikipiki hazijapigwa marufuku katikati ya jiji Machi 2022, na tangu hapo kuku wake amekuwa akitagia humo. Nikamweleza kwamba helmeti za mbio za magari hupimwa kwa moto na za pikipiki hazipimwi. Akajibu kwamba za pikipiki ni nyepesi. Nikauliza, na lita hizo zinatosha kwenda na kurudi? Akasema zinatosha kwenda. Kurudi ni mteremko, ni bure.

Nimelipeleka suala hili kwa mama watoto, nikitegemea atanitetea. Amesema niende tu, ila kabla ya Jumapili nikitoe kile kiyoyozi jikoni kwake, na nikifika Bugarama nimnunulie viazi, maana kule ni rahisi. Gunia moja. Nimemfikishia shemeji. Amechukua daftari, sasa anapiga hesabu ya viazi.